Silinda Niliyoipeleka Kanisani

Aliyenistaafisha ni daktari wa masikio. Aliniingiza kwenye kibanda chake, akanivisha vile vya kusikilizia, akasema nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Nikatulia humo nangoja mlio uanze. Alipokuja kufungua mlango akaniambia tumeshamaliza.

Basi ndiyo hivyo. Mama wa miaka arobaini na saba, nimestaafu. Nyinyi Rehema na Kevin mliobaki nyuma ya kaunta mmenisumbua niwaandikie mambo ya kazi, kwa sababu eti siku hizi nikieleza kwa mdomo napiga kelele mpaka wateja wanageuka. Haya, nawaandikia. Ya mshahara siandiki, mnayajua na yanatia huzuni. Vyeo navyo havikuwepo: nilianza na ufagio, nikamaliza na funguo.

Siku ya kwanza nilikuja pale Annandale, huku Virginia, Marekani, nimevaa sketi ya kanisani, kwa sababu kibao kilisema duka la vifaa vya michezo. Nilitegemea mipira. Nyumbani Njombe nilikuwa nauza mbegu na mbolea, nikajiambia kuuza ni kuuza, mpira hauwezi kunishinda. Nafungua mlango, ukuta mzima bunduki. Nikaganda. Bosi akaniuliza, "Umekuja kwa ile kazi ya usafi?" Nikasema ndiyo. Kwa Kiingereza changu cha siku hizo, ndiyo ndilo neno lililokuwa linatoka vizuri kuliko mengine yote.

Nikapewa usafi wa uwanja wa shabaha kule nyuma, pale watu wanaposimama kwenye vibanda kupiga karatasi. Nikashika ufagio mkavu, nikafagia maganda ya risasi kwa bidii ya mtu anayeitaka kazi. Vumbi likapanda mpaka darini. Mara mlango wa karakana ukafunguka, akatoka mzee mrefu mwembamba, aproni ya ngozi, miwani moja machoni na nyingine kichwani.

"Acha! Unataka kutuua wote kwa risasi ambazo zimeshapigwa?"

Huyo ndiye Mzee Walter, fundi wa bunduki wa duka, na ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachokijua pale. Somo la kwanza ndilo hilo, na nyie bado mnalisahau: vumbi la risasi ni sumu. Nyunyiza maji kwanza, halafu sukuma polepole. Mikono ioshe kwa maji ya baridi na sabuni, maji ya moto yanaifungua ngozi sumu ikaingia. Na usile kitu kule nyuma. Rehema, hata karanga.

Mzee Walter alisikia watu wakiniita Mama Upendo, kwa jina la binti yangu, akadhani Mama ndilo jina langu na Upendo ni la ukoo. Kwa hiyo akaniita Mama. Mimi nikamwita Mzee. Akaniuliza maana yake nini, nikamwambia ni cheo. Alifurahi sana, akasema kwa miaka yote pale hajawahi kupewa.

Jioni nilikuwa nasoma kwenye chuo pale pale Annandale, Kiingereza na hesabu za biashara. Mwalimu akataka kila mmoja asimame aeleze kazi yake. Wengine wakaeleza, wahudumu wa hoteli, watu wa kufua nguo. Nami nikaeleza: nafagia maganda, nasafisha bastola za kukodisha, jana nimeanza kupima risasi kwa macho kujua ipi inaingia wapi. Nilipokaa, baba mmoja Mkorea wa kiti cha jirani akanipa mto wake wa kukalia, kwa heshima ya mtu anayeogopa.

Mzee Walter alisema anayesafisha bastola lazima ajue kuipiga, la sivyo ni sawa na mpishi asiyeonja. Akanianzishia na zile za kisasa zinazojilisha zenyewe risasi. Nikabonyeza, ganda likaruka la moto likaingia kwenye kola, likashuka. Sisemi lilishuka mpaka wapi. Nilicheza pale kibandani kwa namna ambayo bosi alitaka kujua ni ngoma ya kabila gani.

"Basi," Mzee Walter akasema, "wewe tunakutafutia ya zamani."

Akaniletea bastola ya silinda, lile gurudumu nene la chuma lenye matundu sita ya risasi; ni ile ya kukokota nyundo kwa kidole gumba kila risasi moja. Bila kukokota, haipigi hata ubonyeze mpaka kesho. Kupakia nako unafungua kilango cha pembeni, unaingiza risasi, unazungusha silinda, unaingiza nyingine. Ukimaliza kupiga, maganda unayasukuma nje kwa kijiti, moja moja. Vijana wa vibanda vya jirani walikuwa wanapiga zao kama watu wenye mafua, chafya juu ya chafya. Mimi nakokota, navuta pumzi, nasema, "Bwana, shika mkono wangu," ndipo nabonyeza. Sijawahi kuona silaha nyingine inayompa mtu nafasi ya kuomba kati ya risasi na risasi. Nikasema hii ndiyo ya Mlutheri kama mimi.

Na nikainunua. Ilikuwa imeletwa na mjane mmoja aliyekuwa anaondoa vitu vya marehemu mumewe nyumbani. Ni ile aina ya silinda mbili, yaani bastola moja unaiuza na silinda zake mbili. Moja ya risasi ndogo za kawaida, za bei ya chini, za kupigia karatasi siku nzima. Ya pili ya zile ndefu zenye nguvu, zinazoitwa magnamu. Unachomoa pini ya katikati, silinda inadondoka mkononi, unaweka nyingine, unarudisha pini, una bastola mpya. Ila hii ya kwangu ilikuwa na moja tu, ya risasi ndogo. Ya pili marehemu aliiweka mahali pazuri isipotee, na kama mnavyojua, ndiko vitu vinakopotelea.

Nyumbani mume wangu alisikiliza habari yote, akaifunga Biblia aliyokuwa anasoma, akasema, "Mama Upendo, humu ndani italala bastola au nitalala mimi." Kwa hiyo bastola ikawa inalala kwenye sefu ya dukani. Binti yangu Upendo yeye alikuwa anajibu kwa Kiingereza tu siku hizo. Alisema, "Mom, that's actually cool," na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunisifu tangu atimize miaka kumi na tatu.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana wateja wanakosea hapa kila wiki. Silinda ya pili huwezi kuokota yoyote tu ukaitia. Itaingia, ndiyo, lakini haitakaa. Kila tundu kati ya yale sita lazima lisimame sawasawa nyuma ya mtutu, tena nafasi kati ya silinda na mtutu iwe nyembamba kama karatasi. Tundu likisimama pembeni kwa unywele, risasi inajikwangua ikipita, na vipande vinatoka ubavuni. Tunasema inatema. Ndiyo maana mkono wako wa pili huuweki pale mbele ya silinda, hata uwe unapenda kushika.

Mzee Walter alinitafutia silinda ya magnamu kutoka bastola nyingine iliyokufa, akaanza kuivalisha yangu. Kila mchana wa mapumziko alikaa na jiwe lake la kunolea, anakwangua kidogo, anatia, anazungusha, anasikiliza, anatoa tena. Ilichukua muda mrefu kuliko ilivyopaswa, nami nilijua kwa nini. Macho yake yalikuwa yanafifia. Ile miwani ya kichwani ilikuwa imeshuka juu ya ile ya machoni, na bado alikuwa anamaliza kwa kupapasa. Siku alipoiweka mezani akasema, "Mama, hii ndiyo ya mwisho. Nyingine siwezi tena." Binti yake wa Pennsylvania alishamwandalia chumba. Tulipanga Jumamosi inayofuata iwe ya kumuaga, na kabla ya keki niipige silinda ile mara ya kwanza, yeye akiwepo. "Sitaki kuondoka bila kujua kama nimeifanya sawa au la," akanambia. Ndicho kitu pekee alichoomba.

Nikafanyaje mimi? Nikaipeleka kanisani.

Msicheke kwanza. Ibada yetu ya Kiswahili mnaijua, pale Hyattsville, upande wa Maryland, alasiri, Wazungu wenye jengo wakishatoka. Watanzania, Wakenya, Wakongo, wote tunaimba wimbo mmoja kwa kasi tatu tofauti. Jumapili moja mchungaji wetu akatangaza kwamba inayofuata ni ya kuombea kazi, kila mmoja alete kifaa cha kazi yake kiwekwe madhabahuni. Nikamfuata baada ya ibada.

"Mchungaji, mimi nilete nini?"

"Kifaa chako cha kazi, mama. Kwani hasa hasa unafanya kazi gani?"

"Nauza bunduki, Mchungaji."

Akaangalia kama kuna mtu nyuma yangu.

"Unauza..."

"Na kuzisafisha. Na Jumatano nafundisha akina mama kulenga."

"Huwezi," akasema polepole, "huwezi kuleta ufagio?"

"Ufagio nilishauacha."

"Mama Upendo. Mimi nina wazee wa kanisa wenye presha."

"Bastola siwezi kuileta, Mchungaji, hiyo najua. Kuivusha hiyo kutoka Virginia kuja Maryland ni kujitafutia askari. Nitaleta kipande chake. Hakipigi, hakilii, ni chuma tu chenye matundu."

Akafikiri. "Kiwe kimefunikwa," akasema.

Nikachagua silinda mpya ya magnamu, ambayo ndiyo hasa ilihitaji maombi. Mzee Walter aliniruhusu, ila alisema nimrudishie Jumatatu aipitishe mkono mara ya mwisho. Nikaifunga kwenye kipande cha kitenge cha zambarau kilichobaki kwenye sare yetu ya umoja wa wanawake. Nilijiona mjanja sana, maana kitambaa kilikuwa kinene, kizuri, na cha kanisani.

Tatizo ni kwamba wanawake wote wa umoja walikuwa na sare ile ile, mabaki yale yale, na ujanja ule ule. Madhabahu ilijaa vifurushi vya zambarau. Mchungaji akavipaka mafuta ya mzeituni kimoja kimoja, akaomba kwa ajili ya sindano, mikasi, vipimo vya presha, funguo za teksi, na alipofika kwenye changu akapunguza sauti. Halafu tukaimba, tukaenda kunywa chai, kila mwanamke akaokota kifurushi chake njiani kurudi.

Jumatatu asubuhi nikamwekea Mzee Walter kifurushi mezani. Akakishika kabla ya kukifungua.

"Imenenepa," akasema.

"Imeombewa, Mzee."

Akafungua, akapapasa. Uso wake ukabadilika. "Mama, hii si yangu."

Ilikuwa mashine ndogo ya chuma ya kusagia vidonge, ile wanayotumia walezi wa wazee. Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Silinda moja duniani iliyokuwa inaingia kwenye bastola yangu, kazi ya mwisho ya mikono ya yule mzee, ilikuwa mahali fulani Maryland kwenye mkoba wa mwanamke nisiyejua ni yupi. Na Mzee Walter alikuwa anaaga Jumamosi.

"Itapatikana," nikamwambia.

"Sawa," akasema, akaanza kupanga patasi zake ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nilipiga simu kwa wanawake wa umoja mmoja baada ya mwingine. Mama Chantal wa Kongo, msusi, alikuwa na mikasi yake, akataka kujua kama nimepungukiwa na mikasi. Wengine walikuwa na vya kwao. Mwishowe nikampata Mama Njeri, Mkenya, anayemlea bibi mmoja wa Kizungu nyumbani kwa bibi mwenyewe, Rockville. Kabla sijamaliza salamu akanikatiza.

"Mama Upendo! Kumbe ni yako? Haki ya Mungu, hii kitu yako imeniletea shida huku!"

"Shida gani tena?"

"Nimefungua nimsagie Bibi dawa, naona chuma iko na mashimo sita. Nikadhani ni mke wa pasta ametugawia vitu ya kuwekea mishumaa. Nikaiweka kwa dirisha na mshumaa ndani. Si Bibi ameiona? Ameniambia nimletee. Ameishika, ameizungusha, akaanza kulia na kucheka. Ati baba yake alikuwa na ranchi, na bunduki ya hivyo. Sasa ameificha kwa mfuko wake wa kufumia na hataki kuitoa."

"Mwombe vizuri."

"Nimemuomba! Nimemuimbia hata! Ngoja, anataka simu."

Ikaja sauti nyembamba, kavu, ya bibi wa miaka karibu tisini. Mama Njeri alimwita Bibi Dorothy.

"Wewe ndiye mwenye hii silinda?"

"Ndiyo, Bibi. Naomba sana unirudishie. Fundi aliyeitengeneza anaondoka Jumamosi."

"Bastola yenyewe iko wapi?"

"Iko kazini kwangu, Virginia."

"Safi. Nitakuja nayo mwenyewe, lakini na mimi nipige. La sivyo narudisha mshumaa."

Mama Njeri akanyakua simu. "Usimsikize! Kijana wake akijua nimempeleka mama yake kwa bunduki, nitarudi Nyeri kwa miguu!"

Nyuma yake nikasikia Bibi akisema atampigia mwanawe yeye mwenyewe, na kwamba alimzaa yeye, hakuzaliwa naye. Sijui waliongea nini mama na mwana. Najua tu kwamba ilifika Ijumaa Mama Njeri hajanipa jibu, na Mzee Walter kila nilipopita karakana alikuwa ananiuliza, "Bado?" Nikawa napita kwa mlango wa nyuma.

Jumamosi ikafika. Duka limejaa. Mnakumbuka mwaka ule wote watu walivyokuwa, eti mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitakufa, kila mtu ananunua betri, maji na risasi, kama vile atakunywa risasi. Bosi alileta keki kubwa, imeandikwa jina la Mzee Walter. Mzee mwenyewe amevaa suti, aproni ameikunja ameiweka kwenye boksi na vifaa vyake. Amekaa karibu na mlango. Kila ukifunguka anageuza kichwa, na kila nikimwambia ni mteja tu, anasema, "Najua."

Watu walikuwa wameshaanza kuuliza kisu cha keki kiko wapi ndipo Mama Njeri akaingia, anasukuma kiti cha magurudumu, jasho linamtoka. Kwenye kiti kuna bibi mdogo kama kuku, kofia ya kusuka, mfuko wa sufu mapajani.

"Hiyo barabara ya Beltway yote ameniambia niongeze mwendo," Mama Njeri akasema. "Yote! Mimi na gari ya wenyewe!"

Bibi Dorothy akatia mkono kwenye sufu, akatoa silinda. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaiweka kwenye kiganja cha Mzee Walter. Akaipapasa tundu kwa tundu, akaisogeza puani, akakunja uso.

"Nani ameikaangia kitu?"

"Ni mafuta ya maombi, Mzee."

"Ni mafuta ya saladi."

"Ndiyo yaliyokuwepo."

"Mafuta haya yanaganda, Mama. Na kuna nta humu." Akachukua dawa na brashi. Halafu akasita. "Nikiosha, maombi yanabaki?"

"Yanabaki. Yanatoka mafuta tu."

Akaosha. Wakati anaosha tukampa Bibi Dorothy haki yake, kwa ile silinda ya kawaida. Mama Njeri alivaa kinga za masikio juu ya kilemba na akafumba macho, sijui alidhani kinga zile ni za macho pia. Mimi nilipakia, nikasimama karibu mkono wangu chini ya kiwiko cha Bibi. Sikuhitajika. Alikokota kwa dole gumba lile lililojikunja kwa baridi yabisi kana kwamba anaitia saa ya ukutani ufunguo, akapiga sita polepole, na matundu yote sita ya kwenye karatasi ungeyafunika kwa kisosi. Kisha akasema bastola ya baba yake ilikuwa na kitako kizuri zaidi.

Ikaja zamu yangu. Nikachomoa pini, nikatoa silinda ndogo, nikaweka ya magnamu, nikarudisha pini. Iliingia kwa mlio mmoja mdogo, wa kuridhika. Mzee Walter akaning'iniza kadi nyeupe pembeni ya bastola, kwenye kijiti, pale silinda inapokutana na mtutu. Silinda ikitema, kadi ndiyo itakayopokea. "Kama mimi singekuwa hivi nilivyo," akasema, "ningeitazama kadi mwenyewe. Nitazamie wewe."

Nikapiga sita. Kila moja nikaomba, na safari hii sikuuombea mkono wangu.

Nikashusha bastola, nikaitoa kadi kwenye kijiti. Ilikuwa na moshi, kama inavyotakiwa. Na kwenye moshi, karibu na ukingo, kulikuwa na katundu. Kadogo sana. Nikaigeuza upande wa pili, nako kalikuwepo.

Watu wa keki wakawa wananiangalia kupitia kioo cha uwanja, na Mzee Walter amesimama ubavuni kwangu na suti yake, anaangalia mahali ambapo mimi sipo. Bosi, nyuma yake, akaanza kunionyesha kwa mikono: sema safi, sema safi, keki. Mama Njeri akasogea akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Mama Upendo, sema iko sawa. Mungu anaelewa. Mzee wa watu anaenda zake."

"Mama," Mzee Walter akasema, "inasemaje?"

Nawaambia ukweli, kuna sekunde nilitafuta maneno yaliyoko katikati. Hayakuwepo. Aliniomba kitu kimoja tu, na kitu chenyewe kilikuwa kujua.

"Kuna tundu moja linatema, Mzee."

Bosi akafumba macho. Mama Njeri akasema, "Ai," ya kuvuta.

"Alama yake kubwa kiasi gani?"

"Kama mbegu ya ufuta."

"Sijui ufuta ukubwa wake."

"Kama kichwa cha pini."

Nikafikiri nimeua mtu. Halafu akavua koti la suti, akalitundika kwenye msumari wa kinga za masikio, akaenda mpaka kwenye boksi lake, akatoa aproni, akaifunga juu ya tai.

"Kuleni keki," akawaambia. "Mimi nina kazi."

"Walter," bosi akasema, "leo ndiyo siku yako ya mwisho."

"Hapana," akasema. "Nimeangalia vibaya."

Binti yake wa Pennsylvania aliambiwa asubiri. Tulilitafuta lile tundu kwa kupiga moja moja, kadi mpya kila mara, tukaliwekea chaki. Kule nyuma ya silinda kuna meno ya kuizungushia, na jino moja lilikuwa limebaki refu kidogo, linaisukuma silinda ipite mahali pake. Macho yake yasingeliona kamwe. Basi tukafanya hivi: yeye anapapasa, mimi natazama. Mkono wenye jiwe ni wangu, juu yake mkono wake.

"Sasa tulia," ananiambia. "Fanya lile jambo unalofanyaga."

"Kuomba?"

"Ndiyo, hilo. Halafu kwangua mara moja tu. Moja. Mama, nimesema moja."

Kila mchana wa mapumziko, tia, zungusha, sikiliza, toa. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuvalisha silinda, na kila niliyowavalishia wateja tangu hapo niliivalisha hivyo hivyo. Jiwe lenyewe liko kwenye droo ya kushoto, Kevin, na si la kunolea kisu cha machungwa.

Alistaafu mara ya pili Jumamosi nyingine. Bosi alinunua keki ndogo. Bibi Dorothy alikuja tena, safari hii mwanawe ndiye aliyesukuma kiti, na yeye ndiye aliyefumba macho. Nikaweka silinda ya magnamu, tukaning'iniza kadi, nikapiga sita.

"Inasemaje?"

"Nyeupe, Mzee. Moshi tu."

"Una hakika?"

"Mzee."

Hakuuliza tena. Akanyoosha mkono nikampa kadi, akaitia kwenye mfuko wa shati upande wa moyo, akaenda kula keki.

Baada ya kuhamia Pennsylvania, binti yake alinipigia simu dukani. Alitaka kuniuliza jambo taratibu baba yake asisikie: kwa nini ametundika ukutani, juu ya kitanda, kadi chafu isiyo na kitu, na kila asubuhi anaipapasa. Alikuwa anafikiria kuifuta.

Nikamwambia asithubutu.